Gari Lililotoka Dukani Bila Kuonjwa

Jumamosi, 3 Machi 1979

Daftari hili ni la oda. Ukilifungua kwa mbele utakuta sufuria ngapi, kilo ngapi za mchele, harusi ya nani. Leo nimeligeuza nyuma kwa sababu nina jambo lisilo na mahali pake kule mbele: nimenunua gari. Mimi Muhiba, mjane, mpishi wa shughuli hapa Kaloleni, niliyesafirisha vyakula kwa mkokoteni miaka kumi na tisa, kwenda Pumwani, kwenda Eastleigh, kwenda kokote penye harusi au hitima.

Ni stesheni wagoni rangi ya chai ya maziwa, jipya, halijakaliwa na mtu. Viti vimevikwa plastiki, milango imevikwa plastiki, sakafu nzima imefunikwa plastiki nene. Dukani walinipa kadi ya ukaguzi yenye alama za vema ishirini na nne, zote za kalamu moja, na kalenda juu yake. Nikatia sahihi kwamba nimelipokea likiwa salama. Jioni nikalifukiza udi milango yote, majirani wakaleta Fatiha, watoto wakamaliza kaimati hata sikuonja moja.

Dereva nimemwajiri Mzee Maingi wa Makongeni, aliyeendesha malori ya Reli miaka ishirini na saba na kustaafu bila kumgonga hata kuku. Mdogo wangu Hamidi amenuna maana alidhani usukani ni wake. Hamidi ana leseni, lakini gari la mwisho aliloazimwa lilirudi likivutwa.

Mzee Maingi alilizunguka gari mara tatu kimya kimya, akapiga magoti akachungulia chini. Akasema, "Mama, hii gari haikuangaliwa. Wacha nitoe hii plastiki ya chini nione."

Nikamwambia plastiki haitoki. Kitu kikishavuliwa plastiki ni kikuukuu. Kochi langu lina miaka sita na plastiki yake bado iko, na mgeni akikaa linapiga kelele, lakini ni jipya.

"Sawa," akasema. "Ni gari yako."

Jumatatu, 5 Machi

Redio haisemi. Saa ya gari inasema ni saa tisa tangu Jumamosi.

Ijumaa, 9 Machi

Hitima Pumwani. Gari lilikuwa likirukaruka barabarani kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Mchuzi wa kuku ulimwagika nusu sufuria, tena sufuria kubwa. Namshukuru Mungu kwa ile plastiki. Nilimkaripia Mzee Maingi mbele ya wasaidizi wangu, nikamwambia hili si lori la makaa ya mawe. Akajibu kwamba tairi zimejazwa upepo mwingi, ule wa safari ya melini, na dukani walipaswa kuupunguza.

Jioni Hamidi alikuja jikoni ananong'ona. "Dada, huyo mzee wako nimemwona na macho yangu mawili. Amechuchumaa anatoa upepo kwa tairi mpya. Ni kama anakuharibia mali."

Nilimuuliza Mzee Maingi, akanieleza tena yaleyale. Kweli baada ya hapo gari lilitulia. Lakini sikumsifu, maana mchuzi ulikwisha kumwagika.

Jumatatu, 12 Machi

Kwa kweli nimechoka. Tumekamatwa Jogoo Road na askari wa barabarani. Nambari ya mbele inaishia 617, ya nyuma inaishia 671. Askari alimuuliza Mzee Maingi anaendesha gari lipi kati ya hayo mawili. Saa nne nzima kituoni, na vitunguu kilo arobaini nyuma vinanuka, na mimi nimekaa benchi moja na mlevi aliyeniita shangazi.

Jumatano, 14 Machi

Nimeenda dukani, kule Industrial Area. Kuna msichana wa kaunta anaitwa Mukai, kucha nyekundu, sauti tulivu ya mtu ambaye shida si yake.

Nikamwambia, "Nambari za gari langu hazifanani."

"Hiyo ni makosa ndogo, Mama. Fundi atabadilisha."

"Na redio haisemi."

"Hiyo lazima uandike kwa fomu."

"Na Mzee Maingi, dereva wangu, anasema magurudumu ya nyuma ni kama yanashikwa."

Akamtazama Mzee Maingi kuanzia kofia hadi viatu. "Gari mpya haiwezi kuwa na shida hiyo. Madereva wengi wamezoea magari ya zamani. Labda ni vile anaendesha."

Tulikaa tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Pleti ya nyuma imebadilishwa. Redio wamesema turudi. Wamenipa kalenda nyingine. Sasa nina kalenda mbili za mwaka ambao umekwisha robo.

Njiani Mzee Maingi alisema tena, "Mama, hiyo breki ya nyuma inashika."

Nikamwambia, "Breki ya gari jipya isiposhika, itashika ya gari gani?" Alicheka kidogo, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha adabu.

Alhamisi, 15 Machi

Sina shughuli. Mzee Maingi aliomba ruhusa ya asubuhi. Nimempa.

Jumanne, 20 Machi

Mvua imeanza. Kaloleni nzima ni tope.

Alhamisi, 22 Machi

Petroli. Sijui gari hili linakunywa au linaoga. Tulijaza tangi Jumatatu, leo sindano imelala. Nimekwenda Eastleigh mara mbili na sokoni mara moja tu.

Hamidi anasema, "Dada, mimi siongei. Lakini uliza gari inalala wapi, na mtu anayebaki nayo ni nani."

Gari linalala chini ya dirisha langu. Anayebaki nalo mchana nikiwa jikoni ni Mzee Maingi.

Jumatano, 28 Machi

Gari limeanza kunuka. Nimefukiza udi.

Alhamisi, 29 Machi

Mzee Maingi ameomba ruhusa tena, saa mbili nzima. Nilimuuliza ya nini, akasema ana mahali pa kupita. Hamidi alinikonyeza. Sipendi kukonyezwa ndani ya nyumba yangu, lakini nilielewa.

Jumatatu, 2 Aprili

Harufu imezidi. Ni harufu ya kitambaa cha kuoshea vyombo kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Nimemuuliza Mzee Maingi kama anaacha madirisha wazi mvuani. Akasema hapana. Nikamuuliza mbona plastiki ya chini ina jasho. Akasema, "Mama, nilikwambia siku ya kwanza. Wacha nitoe plastiki."

Mtu anayeacha dirisha wazi atakwambia nini tena? Nimefukiza udi mara mbili. Sasa gari linanuka ukungu na udi pamoja.

Alhamisi, 5 Aprili

Neema imebisha mlango. Kahin, yule mwenye duka la jumla la nguo Eastleigh, anaoza binti yake Jumamosi ya Pasaka. Mkewe, Batulo, alikuja mwenyewe hadi kwangu. Wageni mia tatu: pilau, sambusa, mahamri, mkate wa mayai, halua. Batulo si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Abaayo," yaani dada kwa Kisomali, "nimekula chakula chako kwa watu wengine. Sasa nataka kwangu." Nikifanya vizuri pale, Eastleigh yote itanijua, na Lela, binti yangu aliye chuo cha ualimu, atamaliza masomo bila mimi kupiga hodi kwa mtu.

Jumanne, 10 Aprili

Ruhusa tena, mara ya tatu. Aliporudi, viatu vyake vilikuwa tope tupu. Akasimama mlangoni pa jikoni akasema, "Mama, twende dukani wewe na mimi. Wanataka mwenye gari aje yeye mwenyewe."

Nilikuwa nachambua iliki, na jikoni wanawake sita wanazungumza kwa mkupuo mmoja. Nikamwambia nina harusi ya watu mia tatu, dukani nitakwenda nikifa. Akaondoka. Kikulacho ki nguoni mwako, Hamidi amenikumbusha.

Alhamisi, 12 Aprili

Nimetuma mtu dukani kuhusu petroli na harufu. Wamefunga mapema. Pasaka, hadi Jumanne. Wameacha kalenda nyingine kwa mlinzi.

Jumamosi, 14 Aprili

Naandika haya nikiwa bado na kanga ya jikoni, maana nikivua nitalala na sitaki kulala kabla sijayaweka mahali.

Mvua haikukata tangu Jumatano. Tulipakia saa tisa alasiri. Pilau ilikwenda kwa lori la Kahin, vifuniko vya sufuria vimezibwa kwa unga uliokandwa. Vitafunio vyote nilivipakia kwenye gari langu, sinia juu ya sinia, zimefunikwa vitambaa vyeupe nilivyovipiga pasi mimi mwenyewe. Ndiyo sababu niliyonunulia gari: sambusa ifike ikiwa kavu, mahamri yafike yamejaa.

Tulipofika karibu na Shauri Moyo, moshi ulitoka gurudumu la nyuma. Mzee Maingi akasimama kando ya barabara. "Mama, breki inaungua. Tungoje ipoe." Tukangoja nusu saa nzima, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na ile harufu ndani pamoja nasi. Tulipoendelea ikatubidi kusimama tena. Tulifika tumechelewa saa moja na zaidi, wageni wamekwisha kukaa.

Batulo alipokea sinia ya kwanza. Akafunua kitambaa. Akainama, akanusa, akaniangalia. Hakupaza sauti. Alichukua hamri moja akanipa mkononi.

"Abaayo, onja mwenyewe."

Nikaonja. Miaka kumi na tisa sijatoa chungu jikoni bila kukionja, na hilo hamri lilipotoka kwangu lilikuwa na ladha ya iliki na nazi. Sasa lilikuwa na ladha ya kabati la nguo za marehemu. Sambusa hivyohivyo. Mkate wa mayai, ndiyo usiseme, maana mkate hunywa harufu. Batulo akawaambia wasichana wake wazirudishe sinia zote garini, moshi ukingali unatoka gurudumuni. "Pilau tutakula," akasema. "Hizi, hapana." Wanawake wa harusi walikuwa wamejipanga barazani, hina mikononi, wakitazama kila sinia inavyonipita kurudi nje.

Nilitoka uani sioni mbele. Nikamkuta Mzee Maingi amefungua mlango wa gari, anakausha maji kwa kitambaa. Nikaona maji. Nikaona kile kitambaa. Nikapiga kelele.

Nilisema, "Mwizi wewe! Petroli unaiba, gari unaliacha wazi linyeshewe, na leo umenivunjia jina!"

Nalijua hilo neno katika mji huu. Kila mtu anajua. Vijana waliokuwa wakishusha kreti za soda waligeuka, wanne au watano. Mmoja alikuwa tayari ameokota ubao. Mzee Maingi hakukimbia. Alinyooka, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akabaki amesimama pale na mvua inampiga kichwani.

Kahin alitoka mbio, kanzu ameipandisha, akasimama katikati. "Hapa ni harusi. Hakuna mtu atapigwa kwangu. Weka hiyo mti chini." Kijana akauweka chini, lakini polepole.

Mzee Maingi alikunja kile kitambaa mara nne akakiweka juu ya boneti. Akaweka ufunguo juu yake.

"Mama, nimeendesha miaka ishirini na saba," akasema. "Hiyo jina hakuna mtu aliwahi kuniita."

Akavaa kofia, akatoka lango kuu, akaenda Makongeni kwa miguu na mvua ile. Hakuna aliyemfuata. Hamidi ndiye aliyeendesha kunirudisha, na njia nzima alikuwa akipiga mluzi.

Jumapili, 15 Aprili

Nimeosha sinia zilizorudi. Nilikuwa na haki ya kusema. Nilikuwa na haki.

Jumanne, 17 Aprili

Hamidi alijaza tangi asubuhi. Saa nane mchana alisukuma gari kutoka City Stadium, yeye na wapita njia wawili. Petroli imekwisha. Nilimuuliza, "Leo nani ameiba?" Akasema labda mzee alitoboa tangi kabla hajaondoka. Nimechungulia chini mimi mwenyewe, na kiuno changu hiki. Hakuna tone.

Ijumaa, 20 Aprili

Tangu Jumatano gari halijaguswa. Nililifunga mimi, madirisha nimeyasukuma moja moja kwa kiganja, ufunguo nimeufunga katika pindo la kanga. Jana mvua ilipiga mchana na usiku. Asubuhi nilifungua mlango wa abiria, na maji yakanimwagikia viatu.

Nilisimama pale nikiyatazama. Hamidi hakuwapo, Mzee Maingi hakuwapo, dirisha halikuwa wazi. Gari limelala chini ya dirisha langu mwenyewe na limejaa maji.

Nikaingia jikoni nikatoka na kisu cha nyama, nikaipasua ile plastiki kutoka mlango hadi mlango. Chini yake palikuwa na ukungu wa kijani, mnene, na maji yamelala juu ya zulia kama supu. Na kwenye ukuta ule unaotenganisha injini na miguu ya abiria kulikuwa na matundu sita. Maji yalikuwa bado yanadondoka kupitia matundu hayo, yakitoka kwenye kioo cha mbele na kuteremka ndani taratibu. Chini ya kiti palikuwa na bahasha imebandikwa kwa utepe. Ndani yake vizibo vya mpira, sita, na karatasi ya Kijapani yenye mchoro. Hata mimi nisiyejua Kijapani niliusoma mchoro ule. Gari hutengenezwa ili pedali ziwekwe kushoto au kulia, kutegemea nchi, na yale matundu yasiyotumika huzibwa. Huzibwa dukani, kabla mtu hajapewa ufunguo.

Nimevitia vyote sita kwa kidole gumba. Haikuchukua muda wa chai kuchemka.

Duka liliniuzia chungu ambacho hakuna aliyekionja, na hilo ni kosa lao. Lakini mtu niliyemlipa anionjee alikuja siku ya kwanza, akapiga magoti, akaomba afunue tu, nami nikamwambia plastiki haitoki. Kisha nikamwita mwizi.

Sijala leo.

Jumatatu, 23 Aprili

Nimeingia dukani na plastiki iliyooza ndani ya karai, nikaiweka juu ya kaunta ya Mukai, maji yake yakatiririka kwenye karatasi zake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno tangu Ijumaa, na nilianza nayo. Mteja mmoja aliyekuwa akitazama lori jipya alikumbuka ana safari.

Fundi akaja, akalipandisha gari juu. Akajaribu kuzungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, likagoma. Akaingia chini, akatoka anajifuta. "Breki ya mkono ilikazwa kwa safari ya melini, haikulegezwa. Hii imekuwa ikitembea na breki tangu siku ile. Ndiyo inakula petroli." Akailegeza kwa spana kwa muda mfupi kuliko niliotumia kuandika sentensi hii. Redio nayo haikuwa imeunganishwa waya.

Fundi alipoondoka, Mukai akatoa daftari kubwa la malalamiko chini ya kaunta, akaligeuza upande wangu na kuonyesha kwa kidole. Mwandiko wa kukaza, wa mtu aliyejifunza kuandika kwenye fomu za Reli:

15 Machi. Breki ya nyuma inashika. Maingi, dereva.

29 Machi. Breki bado. Petroli inaisha. Maji yanaingia upande wa abiria. Maingi, dereva.

10 Aprili. Tafadhali muangalie hii gari kabla ya Jumamosi. Mama ana kazi kubwa. Maingi, dereva.

Nikaisoma ile ya mwisho mara tatu. Hizo ndizo ruhusa alizoniomba.

"Alikuja kwa miguu," Mukai akasema. "Nilimwambia hatuongei na madereva, alete mwenye gari." Akalifunga lile daftari. "Mama, na ile kadi ya ukaguzi. Zile alama ishirini na nne niliweka mimi. Hapa, kwa hii meza. Fundi alikuwa likizo, na meneja alisema mteja anangoja."

Nilikuwa nimemchukia msichana huyu mwezi mzima na nusu, kucha zake na sauti yake. Leo nilimwona ana umri wa Lela wangu. Nilimwambia alifanya vibaya sana. Nikamwambia pia kwamba mimi nilitia sahihi chini ya hizo alama bila kufungua hata mlango. Alinipigia chapa nakala ya zile kurasa tatu, akaigonga muhuri wa kampuni, bila kumuuliza mtu.

Meneja alitoka kunipa pole na fomu ya kukiri kwamba nimelipokea gari likiwa zuri. Sikuitia sahihi. Kalenda aliyoniletea nayo niliiacha mezani.

Jumatano, 25 Aprili

Nimekwenda Makongeni kwa miguu. Mzee Maingi anakaa kwa mwanawe, karani wa Reli. Mkewe, Nthambi, ndiye aliyefungua. Anauza mboga pale nje, ananijua, nami namjua kwa sukuma wiki zake. Hakuniambia karibu. Alisogea tu nipite. Lakini chai alileta, maana mgeni ni mgeni.

Mzee Maingi alinisikiliza mpaka nikamaliza. Nilimwambia yote: matundu, bahasha, breki, daftari. Nikasema nimekosa, nikasema nisamehe, nikasema rudi kazini. Nililia pia, sikupanga.

Akasema, "Mama, mimi nimekusamehe. Sina shida. Lakini ile siku ulisema kwa watu wengi. Leo unafuta ndani ya nyumba?"

Nthambi ndiye aliyesema kilichobaki, akiwa amesimama mlangoni.

"Alipotoka kwako, shule ya kule Mbotela ilimpa basi ya watoto, aanze mwezi wa tano. Jumanne ile baada ya harusi mwalimu mkuu akamwita, akamwambia angoje kwanza, amesikia maneno kutoka Eastleigh. Watoto wa watu hawawezi kupewa mwizi. Unajua alirudi hapa akafanya nini? Alipiga viatu rangi. Siku tatu anapiga hiyo viatu rangi tu."

"Nthambi," mumewe akasema, kumtuliza.

"Wacha asikie," Nthambi akasema.

Nimesikia. Ulimi hauna mfupa, tunasema, na tunacheka tukisema. Neno langu lilitembea kutoka Eastleigh hadi Mbotela siku tatu, likiwa na miguu mizuri kuliko gari langu.

Ijumaa, 27 Aprili

Nilipika pilau sufuria mbili, hakuna aliyeniagiza, nikampelekea Kahin ujumbe: baada ya sala ya Ijumaa naomba uani kwako, na naomba wale waliokuwapo. Sikujua kama atakubali. Alikubali. Mzee Maingi alikuja amevaa koti lake la Reli lenye vifungo vyote, na Nthambi pembeni yake.

Hamidi sikumpa nafasi ya kukataa. Nilimwambia asipokuja asile tena kwangu, na Hamidi bila chakula changu ni fimbo.

Nilisimama palepale niliposimama siku ile. Wanaume upande huu, Batulo na wanawake barazani. Nikasema, "Siku ya harusi nilimwita mzee huyu mwizi mbele yenu. Nilisema uongo. Gari liliharibiwa na duka, nami nikakataa kufungua macho. Yeye alikwenda kunidaia haki yangu mara tatu kwa miguu, na haya hapa maandishi yake." Nikampa Kahin zile karatasi, akazisoma kwa sauti, kwanza Kiswahili, kisha akawaeleza wazee kwa Kisomali. Alipofika kwenye "Mama ana kazi kubwa" alipunguza sauti.

Hamidi, uso chini, akasema, "Yale maneno ya petroli nilileta mimi. Nilikuwa nataka hiyo kazi." Sikumtuma aseme. Ni mara ya kwanza kumsikia akisema jambo lisilomfaidi.

Yule kijana wa ubao alikuwapo. Alikwenda kwa Mzee Maingi akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mzee Maingi akamuuliza jina lake tu.

Batulo aliniambia tukiwa tunatoka, "Chakula nilirudisha, na nitarudisha tena kikinuka. Lakini mwezi wa sita kuna aqiqah ya mtoto kwa dada yangu. Njoo na mkokoteni." Nadhani alikuwa akicheka. Kwa Batulo huwezi kujua.

Langoni nilimwomba Mzee Maingi mara ya pili arudi kwangu.

"Hapana, Mama," akasema. "Nikisikia mlango ya gari yako imefungwa kwa nguvu, nitakuwa naangalia nani amesimama nyuma yangu."

Jumatatu, 30 Aprili

Mvua. Shule ya Mbotela imefungwa, mwalimu mkuu yuko likizo hadi wiki ijayo.

Jumatatu, 7 Mei

Mwalimu mkuu ni mtu mwembamba mwenye miwani ya kusomea na tabia ya kunyoosha kila karatasi iliyo mezani. Nilimpa nakala za daftari la duka. Nikamweleza kila kitu, na barua aliyoniandikia Kahin, yenye sahihi ya wazee sita, nikaiweka juu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nje, mvulana mmoja alikuwa analia hataki kuachwa shuleni, na basi lilikuwa limesimama tu uwanjani halina dereva.

Akavua miwani.

"Mama, nikuulize swali moja tu. Wewe una gari, na gari lako halina mtu. Kama huyu mzee ni mwaminifu namna hii, mbona humwajiri wewe?"

Nilitaka kutafuta jibu la heshima. Nikatoa la kweli.

"Nimemwomba mara mbili," nikasema. "Amenikataa. Na ana haki."

Alirudisha miwani usoni, akavuta simu karibu.

"Basi huyo," akasema, "ndiye ninayemtaka kwa watoto wangu." Akaniuliza namba ya simu ya mwana wa Mzee Maingi kule Makongeni.